Fundi Bomba wa Combe Down

Mita moja ya bomba la risasi la nusu inchi, lile lililopeleka maji jikoni katika nyumba nyingi za Uingereza karne iliyopita, ina uzito wa zaidi ya kilo 3. Ni bomba zito lakini laini. Ukilibeba vibaya linapinda, ukiliangusha linabonyea, na ukilikata kwa pupa mdomo wake unakunjamana, halitaingiliana tena na lenzake. Mwaka 1913 kijana wa miaka 15, Harry Patch, aliacha shule akaanza uanagenzi wa ufundi bomba katika mji wa Bath, kusini magharibi mwa Uingereza. Baba yake alikuwa mwashi wa mawe huko Combe Down, kijiji kilicho juu kidogo ya mji, ambacho ardhi yake ilikuwa imetobolewa na machimbo ya yale mawe ya manjano hafifu yaliyojenga Bath yenyewe. Mtoto aliacha jiwe akafuata risasi.

Wanaomfahamu Patch leo wanamfahamu kwa jambo jingine. Alipofariki tarehe 25 Julai 2009, akiwa na umri wa miaka 111, alikuwa askari wa mwisho aliyejulikana duniani kuwa alipigana ndani ya mahandaki ya Vita Kuu ya Kwanza. Aliandikwa na kutangazwa katika nchi nyingi, na ilikuwa haki yake. Lakini mstari wa mbele alikaa miezi isiyofika minne, na ufundi bomba aliufanya kwa karibu nusu karne. Namheshimu askari yule. Ila kila nikisoma habari zake, macho yangu huenda mikononi mwake. Ningependa tumtazame fundi huyu kazini, taratibu, maana kazi yenyewe haikuwa ya haraka.

Kwa kujifunza kazi ya risasi, Bath ni mji wa bahati. Karibu miaka 2,000 iliyopita Warumi walijenga hapo bwawa kubwa la kuogea kwenye chemchemi ya maji moto, wakalitandika chini mabamba 45 ya risasi ili maji yasinywee ardhini. Chemchemi hiyo bado inatoa zaidi ya lita milioni moja kila siku, kwa joto la nyuzi 46 hivi, na mabamba yale yangali mahali pake, yanashika maji. Si mbali na hapo kuna vilima vya Mendip, ambako Warumi hao hao walikuwa wakichimba risasi. Kijana anayejifunza kupiga bamba katika mji wa namna hiyo ana mzee wa kazi wa kumwangalia, hata kama jina la mzee huyo limepotea.

Tuanze na kiungio, kwa sababu hapo ndipo fundi bomba alipopimwa.

Siku hizi fundi wa Dar es Salaam au Mombasa akitaka kuunga mabomba ya PPR huchukua pasi yake ya umeme, huipasha hadi nyuzi 260, huingiza bomba upande mmoja na kiungo cha dukani upande wa pili, huhesabu sekunde chache, kisha huvisukuma pamoja na kuvishikilia bila kuvitikisa. Ni kazi inayotaka umakini, na mzembe hujulikana siku maji yanapofunguliwa. Sasa fikiria kazi hiyo bila umeme, bila kipimo cha joto, bila kiungo cha dukani, na bomba lenyewe linayeyuka kwa joto lililo juu kidogo tu ya lile la lehemu unayolimwagia.

Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327. Lehemu ya fundi bomba ilikuwa mafungu mawili ya risasi na fungu moja la bati, na mchanganyiko huo una tabia ambayo ufundi wote ulijengwa juu yake: haugandi kwa mara moja. Juu ya nyuzi 250 hivi ni maji. Chini ya nyuzi 183 ni chuma kigumu. Kati ya hapo na hapo si maji wala si chuma. Unashikana kama sima inayoanza kuiva, na unakubali kusukumwa kwa kitambaa. Fundi anafanya kazi yake yote ndani ya nafasi hiyo nyembamba. Akizidisha moto, bomba linatoboka mbele ya macho yake. Akichelewa, lehemu inakatikakatika chini ya mkono na hakuna kubembeleza kutakakoirudisha, ila kuipasha upya.

Kabla ya moto kuna maandalizi, na sehemu kubwa ya uimara wa kiungio huamuliwa hapo. Ncha ya bomba moja inapanuliwa kwa kipande cha mbao ngumu chenye umbo la pia, kinachogongwa polepole kwa nyundo ya mbao huku kikizungushwa, ili mdomo ufunguke sawa pande zote bila kupasuka. Ncha ya bomba la pili inapigwa tupa mpaka ichongoke kidogo, iingie ndani ya ile ya kwanza na kukaa bila kucheza. Kisha fundi anapaka mchanganyiko wa masizi na gundi kuzunguka mabomba yote mawili. Lehemu haishiki penye weusi huo, kwa hiyo weusi ndio mpaka. Anaacha ukauke. Anapima urefu wa kiungio, inchi 3 hivi kwa bomba dogo, anachora mistari miwili, na katikati ya mistari hiyo anakwangua ngozi ya juu ya risasi kwa kikwangulio chenye makali.

Risasi iliyokaa hewani ni ya kijivu, imefifia. Ikikwanguliwa inang'aa weupe mkali, lakini kwa muda mfupi tu, kwa kuwa hewa huanza kuifunika tena papo hapo. Ndiyo maana kipande cha shahamu kiko karibu. Fundi anaipaka sehemu iliyokwanguliwa mara moja, na kuanzia hapo hapaguswi kwa kidole.

Lehemu iko jikoni ndani ya sufuria nzito ya chuma. Fundi anachovya kipande cha karatasi. Kikitoka cheupe, moto bado; kikiwaka, umezidi; kikigeuka kahawia bila kushika moto, ndipo. Na sufuria nayo ina mambo yake. Lehemu ikichanganyika na zinki, kwa mfano kutoka kwenye kifaa cha shaba ya manjano kilichochovywa humo, inaharibika kwa kiasi kidogo sana cha zinki: inakuwa ya chembechembe, haitelezi tena, haipanguseki. Dawa ilikuwa salfa. Ilitupiwa ndani, ikakorogwa, uchafu ukapanda juu, ukaenguliwa. Huu ni ujuzi wa kemia uliokaa katika vichwa vya watu ambao wengi wao, kama Patch, waliacha shule wakiwa vijana wadogo, na sioni kwa nini tuuite kwa jina dogo kuliko hilo.

Sasa kupangusa. Bomba limefungwa imara. Mkono wa kulia umeshika upawa, wa kushoto umeshika kitambaa kizito cha pamba, kilichokunjwa mara kadhaa na kulainishwa kwa shahamu. Fundi anadondosha lehemu juu ya bomba kidogo kidogo, huku na huku, kamwe si mahali pamoja, maana lehemu ikirudiwa palepale inalitoboa bomba. Inayochuruzika anaidaka kwa kitambaa upande wa chini na kuirudisha juu. Matone ya kwanza hayashiki. Kazi yake ni kulipasha bomba. Anaendelea bila haraka. Bomba linapata joto, lehemu inaanza kukaa, inanenepa, inataka kuning'inia. Hapo anaweka upawa kando na kuizungusha lehemu bomba zima, akiipandisha kutoka chini kila mara, kwa sababu uzito wake unaivuta chini kila mara. Anaijenga iwe nene katikati, ipungue kuelekea pembeni, na iishe sawasawa kwenye mpaka mweusi. Mpanguso wa mwisho ni mmoja, wa haraka, usio na kusita. Baada ya hapo hakuna kugusa. Bomba likitikiswa wakati lehemu inaganda, ndani hubaki vitundu visivyoonekana, na siku moja kiungio kitaanza kutoa jasho.

Ukikitazama kiungio kilichopanguswa vizuri huoni mkono ulipoanzia wala ulipoishia. Na umbo lile halikuwa pambo. Unene wa katikati ndio unaobeba presha ya maji pale mabomba yanapokutana, na kingo zilizoisha kwa usafi ni ushahidi kwamba lehemu ilishika mpaka mwisho wa mahali palipokwanguliwa. Uzuri na uimara vilikuwa kitu kimoja, kwa hiyo fundi alihangaikia umbo hata pale alipojua kwamba saa moja baadaye kiungio kingefunikwa na mbao za sakafu, na mwenye nyumba hatakiona maisha yake yote.

Kinachonishangaza zaidi ni jinsi ujuzi huu ulivyopita kutoka kwa mtu hadi kwa mtu. Mkono wa kushoto unasikia joto kupitia kitambaa, wa kulia unaamua kiasi cha kumwaga, jicho linafuata mng'ao unaofifia lehemu inapokaribia kuganda. Kitabu kinaweza kueleza hatua, lakini hakiwezi kukupa hisia ile ya kiganja. Mwanagenzi alibeba sufuria, alikwangua mabomba ya fundi wake, alitazama, akapewa nafasi, akatoboa bomba, akaanza tena. Ilichukua miaka.

Miaka ya Patch ilikatizwa. Oktoba 1916, akiwa na umri wa miaka 18 na uanagenzi wake haujaisha, aliitwa jeshini kwa mujibu wa sheria. Hakwenda kwa hamu. Kaka yake, askari wa siku nyingi, alikuwa amejeruhiwa huko Mons, Ubelgiji, na aliyoyasimulia yalimtosha mdogo wake. Juni 1917 Patch alifika Ufaransa, akapangwa katika batalioni ya 7 ya Duke of Cornwall's Light Infantry, kwenye kundi la watu watano waliohudumia bunduki ya rashasha aina ya Lewis. Yeye alikuwa namba mbili. Namba mbili ndiye aliyebeba vipuri, aliyebadilisha sahani za risasi, 47 kila moja, na aliyehakikisha mtambo haukwami katika tope la Ubelgiji, walikopelekwa kupigana. Hata vitani walimpa kazi ya fundi.

Watano hao walikubaliana kwamba hawataua kama kuna namna ya kuepuka. Watapiga chini, miguuni. Patch alisimulia jinsi Mjerumani mmoja alivyomjia mbio na singe. Alimpiga begani, jamaa hakusimama, akampiga juu ya goti na kwenye kifundo cha mguu, akamwacha hai. Alisimulia pia askari mwenzao waliyemkuta amepasuliwa kutoka begani hadi kiunoni, akiwaomba wammalize. Kabla bastola haijachomolewa alikata roho, na neno lake la mwisho lilikuwa kumwita mama yake. Usiku wa tarehe 22 Septemba 1917, walipokuwa wakirudi nyuma kupumzika, kombora lilipasuka juu yao. Wenzake watatu kati ya wale wanne waliangamia. Yeye kigae cha chuma kilimwingia kinenani. Dawa ya ganzi ilikuwa imekwisha, basi watu wanne wakamshika na daktari akakitoa hivyo hivyo.

Wiki tatu hivi baadaye, katikati ya Oktoba, vita hiyo hiyo ilikuwa Mahiwa, karibu na Lindi, ambako Waafrika waliopigana chini ya bendera ya Kijerumani na wale waliopigana chini ya bendera ya Kiingereza waliuana kwa siku nne. Nyuma ya majeshi hayo walikuwepo wapagazi kwa maelfu. Nao walitoka kwenye kazi zao: wahunzi, maseremala, wavuvi, wakulima. Waliosalimika walirudi kwenye nyundo na jembe, na wengi walikufa bila mtu yeyote kuandika walichokiona vitani wala walichojua kukitengeneza. Kila ninapomsoma Patch nawafikiria hao.

Akiwa anauguza jeraha huko Sutton Coldfield alikutana na Ada Billington. Walioana mwaka 1919, wakapata watoto wawili wa kiume, wakaishi pamoja hadi Ada alipofariki mwaka 1976. Katika miaka hiyo yote 57 hakumsimulia mkewe habari za vita. Alitoka asubuhi kwenda kazini, akarudi jioni, akalea watoto.

Na kazi ilikuwepo. Mjini Bristol kulikuwa na jengo kubwa la chuo kikuu, Wills Memorial Building, lililosanifiwa na George Oatley na kulipiwa na familia iliyotajirika kwa tumbaku. Ujenzi ulianza mwaka 1915, vita ikausimamisha, ukaendelea baada ya amani, na mwaka 1925 Mfalme George V akaja kulifungua. Mnara wake wa mawe una urefu wa mita 65 hivi. Patch alifanya kazi ya ufundi bomba kwenye jengo hilo kwa miaka minne. Watu wanaopita chini yake husifu mawe yaliyochongwa, na yanastahili sifa. Lakini jengo lolote la ukubwa huo lina mwili wa pili ndani yake, wa mabomba ya maji safi, mabomba ya maji machafu, matangi na mifereji ya kuyashusha maji ya mvua kutoka juu kabisa, na mwili huo ukikosea, mawe yenyewe huanza kuoza.

Fundi bomba wa wakati ule hakuishia kwenye mabomba. Mabamba ya risasi juu ya paa yalikuwa yake pia, na hapa ufundi unageuka kuwa kitu kingine kabisa. Chukua bamba lenye unene unaozidi kidogo milimita 2. Mita moja ya mraba ina uzito wa kilo 25 hivi. Unataka lilale kwenye paa, lipande ukutani pande mbili, na kona izibe bila kukatwa na bila kuungwa. Seremala angekata. Mshonaji angekunja. Fundi bomba anapiga, kwa nyundo na virungu vya mbao vya maumbo tofauti, na risasi inahama. Kwenye kona ya ndani kuna risasi iliyozidi, inayotaka kujikunja. Anaisukuma juu na nje, pigo baada ya pigo, mpaka ziada yote ifike ukingoni, ndipo aikate. Kwenye kona ya nje risasi haitoshi. Lazima ailete kutoka pembeni na kuikusanya pale inapopungukiwa. Wakati wote huo unene unapaswa kubaki sawa, na unene hauonekani kwa macho. Anausikia. Pigo linalolia tofauti linamwambia kwamba hapa pameanza kuwa pembamba.

Na risasi haitulii hata baada ya fundi kushuka kwenye ngazi. Jua huinyoosha, baridi ya usiku huirudisha, na hairudi yote. Asiyejua hilo hutandika bamba refu na kulipigilia misumari pande zote, na baada ya misimu kadhaa linapasuka. Anayejua hutumia vipande vidogo, huvishika upande mmoja na kuviacha huru upande mwingine, kisha kingo zake huzikunja juu ya ubao wa mviringo, bila lehemu hata tone. Lehemu ambayo alitumia miaka kuimudu, hapa anaiacha kwa makusudi. Hilo kwangu ndilo linalomtenga fundi na mtu mwenye mkono mwepesi tu. Paa lililotandikwa vizuri hukaa zaidi ya miaka 100, na likichoka, risasi yake huyeyushwa ikatandikwa upya.

Patch alipanda akawa meneja wa tawi la kampuni ya mabomba huko Bristol. Vita ya Pili ilipoanza alikuwa amepita umri wa kuitwa, akajiunga na zimamoto wa muda mjini Bath. Mwishoni mwa Aprili 1942 ndege za Kijerumani ziliupiga mji huo, na zaidi ya watu 400 waliuawa. Askari aliyekuwa ametoka kwenye mabomu ya 1917 alijikuta chini ya mabomu tena, safari hii akiwa na mpira wa maji mikononi, katika mji aliojifunzia kazi. Baadaye alihamia Street, mji mdogo wa Somerset, akaendesha kampuni ya ufundi bomba hadi alipostaafu mwaka 1963, akiwa na miaka 65.

Siwezi kuisifu kazi hii na kunyamazia sumu yake. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, damu, figo na mishipa ya fahamu, na waliokwangua, kuyeyusha na kupiga mabamba kila siku walikuwa wa kwanza kuivuta na kuila bila kujua. Maji magumu, yenye chokaa nyingi, huacha utando ndani ya bomba na utando huo hupunguza hatari. Maji laini huilamba risasi na kuipeleka kwenye kikombe. Kwa miongo mingi watu walikunywa. Shaba ilikwisha kuanza kuchukua nafasi ya risasi katika miaka ya 1930, plastiki ikafuata, na kufikia mwaka 1970 hivi Uingereza ilikuwa imeacha kuweka mabomba mapya ya risasi ya maji ya kunywa. Kiungio cha kupangusa hakitarudi kwenye bomba la jikoni, na ni vizuri kisirudi. Mafundi wachache bado wanapiga mabamba kwenye mapaa ya makanisa na majengo ya kale. Kizazi cha Patch kilikuwa miongoni mwa vya mwisho vilivyokuta ujuzi huo ukiwa mkate wa kila siku, naye aliweka zana chini wakati jua lake linazama.

Hivyo mtu huyu alibeba mambo mawili yaliyokuwa yakitoweka, na dunia ilikuja kumuuliza moja tu. Alikaa kimya kuhusu vita hadi mwaka 1998, alipotimiza miaka 100 na BBC ikamtafuta. Katika makao ya wazee alikokuwa akiishi, mkabala na chumba chake kulikuwa na kabati la mashuka. Mhudumu alipowasha taa yake usiku, mwanga ulimpiga Patch akiwa kati ya usingizi na macho, na kwake ukawa ule mmuliko wa kombora la 1917. Miaka 80 ya mabomba, ndoa, watoto na mapaa haikuuzima.

Alipoanza kusema, alisema waziwazi. Kwake vita ile haikustahili maisha ya hata mtu mmoja. Mwaka 2004 alirudi Ubelgiji akakutana na Charles Kuentz, mzee wa miaka 107 aliyepigana upande wa Wajerumani katika eneo lile lile. Walishikana mikono, Kuentz alimpa biskuti za kwao Alsace, Patch akampa chupa ya saida ya Somerset. Mwaka 2007 kikatoka kitabu cha maisha yake, The Last Fighting Tommy, alichokiandika pamoja na mwanahistoria Richard van Emden. Mwaka 2008 alizindua jiwe la kumbukumbu kando ya kijito cha Steenbeek, pale kikosi chake kilipovuka. Kwenye mazishi yake katika kanisa kuu la Wells, tarehe 6 Agosti 2009, askari wa Ubelgiji, Ufaransa na Ujerumani walisindikiza jeneza pamoja na Waingereza, na hapakuruhusiwa silaha yoyote, hata ya heshima.

Maswali mengi aliyoulizwa katika miaka ile kumi na moja yalihusu mahandaki, na aliyajibu kwa upole hata yalipomtonesha. Laiti ningepata alasiri moja naye, ningemuuliza kuhusu kitambaa. Alikikunja mara ngapi? Kipya kilihitaji kupakwa shahamu kwa siku ngapi kabla hakijamkubali? Alipokuwa chini ya sakafu, amelala chali, bomba likiwa juu ya uso wake na lehemu ikitaka kumdondokea, mkono wa kushoto aliuweka wapi? Na aliporudi kazini baada ya vita, akiwa na kovu kinenani, akawasha moto chini ya sufuria kwa mara ya kwanza baada ya kitambo kirefu, je, mikono ilikumbuka yenyewe, au ilibidi atoboe bomba kwanza?